Usije Kumlilia Zukiswa

New Brighton, Machi 1986

Kaka Vuyisile,

Huku tu wazima. Upepo umeng'oa bati la jikoni, na goti langu limevimba tena. Rambirambi zako nimezipata.

Unaandika kwamba mwanangu Zukiswa aliponzwa na wahuni. Mimi nilidhani anakwenda mazoezi ya kwaya. Siku ya mazishi wanakwaya hawakumjua hata kwa sura. Waliojaa uani ni wanawake wa kiwanda cha samaki, wakiimba na kuniita mama. Mmoja akaniuliza, "Ndiye aliyetuongoza kugoma. Kwani hukujua, Mama?" Niliona haya kusimuliwa habari za mtoto niliyemzaa.

Wiki ile ya mwisho aliniaga kwamba anakuja kukusalimu, kumbe anajificha. Ni mimi na wewe tu tuliojua yuko kwako. Askari wakamchukua kitandani kwako, wakamrudisha maiti. Mimi sikuwaambia.

Ng'ombe unayetaka kuleta matangani, mleni wenyewe. Jana nimeshika nafasi ya Zukiswa kwenye mkutano wa wale wanawake. Kawaambie askari na hilo.

Aliyekuwa dada yako,
Nokuzola