Kipimo cha Pili cha Baruti

Mlali, Jumanne, mwezi wa Shaaban

Kosa ni langu. Wiki nzima nimelijaribu gobori kwa kulenga kibuyu: kipimo kimoja cha baruti, makumbi ya nazi ya kuishindilia, kisha risasi, nalo likapiga palepale. Leo nilikwenda kumfundisha shemeji yangu Kibwana, maana nguruwe wanamaliza mahindi yake.

"Shemeji, nguruwe watakufa kwa maneno yako kabla ya risasi," alinitania.

Nilicheka, nikaendelea kueleza, huku nikimimina kipimo kingine cha baruti juu ya kile nilichokwisha kumimina. Mdeki wa kushindilia una alama niliyoichonga mwenyewe, inayoonyesha kipimo kikizidi. Sikuitazama.

Akafyatua yeye. Mtutu ulipasuka, ukamkata vidole viwili.

Jioni aliniuliza, "Shemeji, nilikosea wapi?"

Nikamfunga kitambaa kipya mkononi.