Ohm Mia Tatu

Jumatatu, 5 Mei
Mazoezi ya mdomo saa moja asubuhi. Noti ndefu za klarineti kwanza. Baada ya chai nikavaa hedifoni alizoniletea binti yangu Rehema jana. Amezipata Nairobi kwa mtu wa studio aliyekuwa anauza vyombo vyake. Nzito, laini masikioni. Nikaziunga kwenye pleya yangu ndogo ya mfukoni, yenye nyimbo tunazojifunza kwenye bendi. Sauti iko mbali. Nimepandisha hadi mwisho. Bado mbali.

Jumatano, 7 Mei
Vilevile. Tuba, lile tarumbeta kubwa la sauti nzito, haisikiki kabisa. Miaka thelathini kwenye bendi ya polisi nimekaa mbele ya matarumbeta. Wenzangu wawili wamekuwa viziwi. Sasa zamu yangu. Naogopa. Hadija, mke wangu, sijamwambia.

Ijumaa, 9 Mei
Mazoezi ya bendi ya wastaafu, Ntinda. Nilikuwa nasikiliza masikio yangu badala ya muziki. Nikachelewa kuingia mara mbili. Okello, kiongozi wetu, aliniangalia tu. Afadhali angesema.

Jumamosi, 10 Mei
Nimempelekea Okello barua. Naacha nafasi yangu ya klarineti ya kwanza. Sababu sikuandika. Aibu. Hasira pia.

Jumatatu, 12 Mei
Hadija alinikuta nimevaa hedifoni, uso umekunjamana. Akanivua, akavaa yeye.
“Baba Rehema, hii ni muziki ama ni mbu?”
Mwanamke huyu akiwa uani husikia chai ikichemka jikoni. Kama yeye hasikii, basi si mimi. Nikamweleza yote. Akanikasirikia. Si kwa barua. Kwa kumficha wiki nzima.

Jumanne, 13 Mei
Kabalagala, kwa Furaha, fundi Mkongomani wa redio na simu. Aligeuza hedifoni, akasoma maandishi madogo ndani. Ohm 300.
“Papa, hii inataka mashine ya nguvu. Pleya yako ni kadogo, haiwezi kuisukuma.”
Akanieleza polepole. Ohm ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi hedifoni inavyozuia umeme. Ukiwa mkubwa, pleya ndogo inashindwa. Lakini ohm peke yake haitoshi. Lazima uangalie pia hedifoni inatoa sauti kiasi gani kwa nguvu kidogo. Akanijaribishia za ohm 16, rahisi mno kusukumwa: sauti kubwa, lakini nyuma ya muziki kuna mvumo kama mafuta yanayokaanga. Kisha za ohm 32, za wastani. Hapo. Tuba ikarudi. Hata pumzi ya mpiga filimbi kabla ya noti. Nililia dukani. Furaha akainamia kazi yake, akajifanya haoni.
Hospitali nitakwenda hata hivyo. Hadija ameshaamua.

Alhamisi, 15 Mei
Nimepimwa. Usikivu wa sikio la kushoto umepungua kidogo. Kwa umri wangu ni kawaida, daktari amesema. Nimelala mchana, usingizi mzito.

Ijumaa, 16 Mei
Nilifika mapema kuomba nafasi yangu. Okello alikwisha kumpa Achan, binti wa koplo mmoja mstaafu.
“Afande, ungeniuliza kwanza,” akasema.
Ni kweli. Nimekubali klarineti ya pili. Iliniuma mpaka tulipoanza. Achan anaingia kwa wakati. Ana pumzi ndefu. Nilipiga chini yake, taratibu, na nilimsikia vizuri.