Taya Kwenye Ala ya Babu

Jumatatu, 10 Juni 2019
Likizo gani hii! Nimekuja kijijini kula wali wa mchele mpya, nimepewa kazi. Baraza la mila linataka kila upanga utakaovaliwa Jumamosi, sikukuu ya mavuno, uandikiwe kibandiko: ulikuwa wa nani, hirizi iliyofungwa kwenye ala yake ni mfupa wa mnyama gani. Eti mimi ndiye mwalimu wa baiolojia. Haya. Leo nimeona mifupa ya kima, meno ya nguruwe mwitu, mdomo wa hondohondo. Rahisi.

Jumanne, 11 Juni
Zamu ya upanga wetu, wa marehemu babu. Baba ataufunga kiunoni kwa mara ya kwanza. Kwenye ala kuna kipande cha taya na jino lake refu. Tangu utoto wangu wanasema ni mbwa. Watani walimsalimu babu kwa kubweka — naye akicheka!
Nimekisugua kwa mswaki. Si mbwa! Jino lina mfereji mwembamba ubavuni. Nyuma yake mfupa mtupu, hakuna tundu la jino kwa upana wa kidole. Chui wa mawingu, wa msitu wetu huu huu. Nimeangalia mara tatu. Babu, mjanja wewe!

Jumatano, 12 Juni
Nimemwambia baba. Nilidhani atafurahi. Alifunga mlango kwanza.
Chui ni wa ukoo wa wakuu. Mtu wa kawaida kama sisi akimvaa anatozwa nguruwe na upatu wa shaba, na upanga unachukuliwa moja kwa moja. Kumbe ndiyo maana babu alikubali kubwekewa maisha yake yote! "Andika mbwa, mwanangu," baba akaniambia. "Mbwa hana kesi."
Siandiki. Nimemwambia hivyo hivyo. Amekula peke yake.

Ijumaa, 14 Juni
Mke wa Mzee Lenjau, mkuu wa mila, ameleta upanga wa mumewe. Kaniambia nisafishe kwa heshima, chui huyo ni wa mababu saba. Lenjau — hata jina lake kwa lugha yetu ni chui!
Kamba ya henzirani iliyozungushiwa taya imelegea. Nikachungulia. Jino laini, halina mfereji. Nyuma yake vishimo vya meno: kimoja, cha pili, cha tatu, vimefuatana.
Mbwa.
Nimecheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikaogopa, nikairudisha kamba. Baba alikuja kuuliza kulikoni, nikamwonyesha. Hakucheka. "Wavae mbwa wao," alisema polepole, "halafu baba yangu abwekewe?" Sijawahi kumwona na hasira vile. Ya kuandika mbwa hakuyataja tena.

Jumamosi, 15 Juni
Naandika hapa hapa barazani kwa wakuu, daftari gotini. Kibandiko chetu: CHUI. Cha Mzee Lenjau nimekiacha kitupu. Katibu wa baraza ameona chetu, amemkimbilia Mzee.
Mzee amesimama akitabasamu. Binti wa Pebit (ndiye baba) amesoma sana mjini, kasema, mpaka mbwa hamjui! Baraza zima kicheko. Mtu amebweka. Baba amekaza mkanda wa upanga, akakaa wima.
Kisha Mzee ameweka upanga wake mwenyewe mkekani mbele yangu. "Anza na huu, binti. Kata kamba yote, watu waone taya ya chui ilivyo."
"Yote, Mzee?"
"Yote!"
Nimemuuliza tena. Mtu asiseme sikumuuliza.
Sasa kinatafutwa kisu. Kila ala hapa ina kisu chake kidogo ubavuni, lakini nani atoe chake kikate hirizi ya mkuu? Mwiko! Wanaume wote wanatazama miguu yao. Ndiyo maana nimepata nafasi ya kuandika.
Kisu kimepatikana. Baba amechomoa cha babu, ananinyooshea —