Wifi na Maji ya Baridi

Jumatano usiku

Na bado sijamaliza naye. Tangu nianze dripu za saratani ya utumbo, wifi yangu Mwajuma anawatangazia wenzangu wa soko la Mchikichini kwamba najidekeza, eti nakwepa kuosha vyombo.

Leo alinisindikiza hospitali. Dada anayefanya utafiti wa dalili zetu wagonjwa akaniuliza, "Ukishika maji ya baridi unajisikiaje?"

"Kama nimepigwa shoti ya umeme."

Wifi akacheka. Yule dada akamgeukia. "Usicheke, mama. Wengi wanaotumia dawa hii wananiambia hivyohivyo."

Tulipotoka wifi akaninong'oneza, "Wifi, haya yaishie hapahapa."

Yaishie hapa? Nikampeleka moja kwa moja hadi kwenye meza yangu ya viatu, wenzangu wote wapo. "Wifi, waeleze tulichoambiwa." Akaeleza, macho chini, sauti haitoki. Nikamwambia arudie, Mama Shukuru wa meza ya pili hajasikia.

Vidole bado vina ganzi. Hata kufunga kamba za viatu siwezi, na naogopa nitabaki hivi. Lakini kumwona vile... Mungu anisamehe, nilisikia raha.

Kesho atamweleza hata mume wangu, maana huyo ndiye aliyeyaamini maneno ya wifi kuliko wote.