Mkono Mmoja Nyuma ya Mlango

Mbeya, Alhamisi, Juni 1979

Ukungu ulishuka kutoka mlima Loleza alfajiri na haukutaka kuondoka. Mpaka saa nne vidole vyangu vilikuwa vizito kwenye taipureta, na hata sasa nimeketi karibu na jiko ndipo viweze kushika kalamu. Shajara, leo nina jambo. Nimempinga baba mkwe wangu mbele ya watu, na usiku huu nalala nyumbani kwake kama kawaida.

Jina lake silitaji, hata humu ambamo hakuna anayesoma ila mimi. Uso wake sijautazama vizuri hata siku moja. Ndiyo desturi ya Wanyakyusa hawa nilioolewa kwao: mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani, hawasemezani, hawapishani njiani. Mimi ni Mhehe, nimekulia karibu na misheni ya Tosamaganga, na kwetu mkwe hupiga magoti akasalimia. Basi siku nilipoletwa hapa nikamwona mzee anaingia uani, nikapiga magoti kwa adabu zangu zote, "Kamwene, baba!" Mzee aligeuka akatimkia migombani. Mama mkwe alishika kichwa kama aliyeona moto, na majirani wananicheka mpaka leo.

Nyumbani desturi hiyo nimeizoea. Kasheshe ni kazini.

Mimi ni karani mpiga chapa wa halmashauri ya mji, na yeye ni msimamizi wa kikosi cha usafi, kwenye uwanja huohuo mmoja. Akitaka kuingia ofisini hukohoa akiwa bado kwenye kona, nami natokea mlango wa masijala mbio. Afisa Utumishi wetu, mtu wa Tanga, husema ofisi hii ina saa mbili, ya ukutani na ya kikohozi. Kwa hiyo baba mkwe namjua kwa kikohozi, kwa buti zake za mpira, na kwa mitaro yake. Mvua inyeshe vipi, mitaro ya Mwanjelwa haizibi, na mji mzima unajua ni kazi ya nani. Nampenda mzee huyu. Najua ni ajabu kumpenda mtu unayemkimbia kila asubuhi, lakini ndivyo ilivyo.

Mkutano wa leo ulikuwa wa nyongeza ya mishahara. Fununu zilianza tangu mwezi uliopita: vita vimekula fedha, halmashauri haina kitu, kwa hiyo mwaka huu wafanyakazi tukubali kubaki na mishahara ileile. Tusipokubali, vibarua wa usafi wataachishwa ili ipatikane fedha ya kutuongeza sisi tulioajiriwa. Sukari tunaipangia foleni, sabuni nayo imekuwa kitu cha kuulizana kwa kunong'ona. Kubaki na mshahara uleule mwaka huu ni kurudi nyuma, hakuna asiyelijua hilo.

Mimi nilikuwa na langu la ziada. Mwisho wa mwaka baba mkwe anastaafu, na kiinua mgongo chake kitapigiwa hesabu kwa mshahara wa mwisho. Sisi vijana tukisimamishiwa nyongeza, tutaipata mwakani au mwaka utakaofuata. Yeye hana mwakani. Atakachoondoka nacho Desemba ndicho atakachozeekea nacho.

Asubuhi nilimwambia mume wangu hivyo. Alikuwa anafunga kamba za viatu aende kufundisha. "Baba ndiye atasema," akanijibu, "sisi tutafuata." Nikampa mkoba wake, ila moyoni nilikataa.

Mkutano ulifanyika nje, uani, mbele ya stoo ya vifaa. Mimi ndiye mwandishi wa muhtasari, kwa hiyo niliwekewa kiti ndani, nyuma ya mlango ulioachwa wazi kidogo, nisikie yote bila kuonana na mtu ninayetakiwa kumkwepa. Kwenye ule upenyo niliona mikono ya makoti, miguu, na migongo ya watu wanaotetemeka kwa baridi.

Afisa Utumishi alieleza. Mama Tusekile, anayekusanya ushuru sokoni Mwanjelwa na mwenye sauti ya kumfikia mbuzi kilima cha pili, akauliza swali ambalo wote tulikuwa nalo.

"Na wakubwa je? Nao wanasimama?"

"Hata wakubwa, mama."

"Na magari yao, yanasimama?"

Watu walicheka sana. Afisa alikohoa, akasema hilo ni suala jingine. Nililiandika neno kwa neno, na kwa kweli hapo ndipo roho ilipoanza kunichemka.

Ndipo nikasikia sauti ya baba mkwe. Hazungumzi mikutanoni, kwa hiyo uwanja ulitulia mara moja.

"Mimi sina maneno mengi. Hawa vibarua niliwaita mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Nilimwambia kila mmoja, njoo, kazi ipo. Leo nirudi kwa mke wa mtu nimwambie kazi haipo kwa sababu mimi nimeongezwa? Miguu itanifikisha mlangoni, mdomo ndio utakataa. Mimi nakubali kusimama. Wabaki."

Hakusema zaidi. Mtu anayepoteza kuliko sisi sote ndiye aliyesimama kwanza, wala hakutaja kwamba anapoteza. Nilijivuna mpaka machozi yakanilenga, na wakati huohuo nilitaka kumtikisa mabega. Sikujua kwamba mtu anaweza kuwa na mambo hayo mawili kifuani kwa mkupuo mmoja.

"Wanaokubali?" akaita Afisa. Mikono ikapanda yote, hata wa Mama Tusekile, ingawa wake ulipanda kwa manung'uniko.

"Wanaopinga?"

Hakuna mkono uliopanda. Karatasi yangu ilikuwa imeshaanza neno "wote". Nikaiangalia kalamu, nikaona siwezi kulimalizia neno hilo, kwa sababu ni uongo. Mimi si miongoni mwa hao wote. Nami ni mfanyakazi.

Nikautoa mkono wangu nje kwenye upenyo wa mlango, pamoja na kalamu.

Kwanza kilipasuka kicheko. Kisha mtu fulani akakumbuka mkono ule ni wa nani na umempinga nani, na kicheko kikakatika. Kwenye upenyo niliziona buti za mpira zikigeuka, zikanipa visigino, kama desturi inavyotaka. Mama Tusekile akasema kwa upole, jambo ambalo si kawaida yake, "Mzee, ni mkweo huyo."

Afisa alitaka yaishe haraka. "Huyo ni karani tu, yupo hapo kuandika. Tumepitisha kwa kauli moja."

"Hapana," akasema baba mkwe. Alikuwa bado amenipa mgongo. "Huyo ni mfanyakazi. Iandikwe, mmoja amekataa."

"Lakini mzee, amekupinga wewe!"

"Nimeona. Iandikwe. Na aulizwe sababu, iandikwe nayo."

Basi hapo, shajara, ungecheka. Nilikuwa hatua chache tu kutoka kwake, lakini siwezi kumsemesha. Mama Tusekile akaja mlangoni, nikamnong'oneza, naye akageuka akapaza sauti utadhani mzee yuko ng'ambo ya mto.

"Anasema wanaostaafu mwaka huu wasiguswe! Anasema wao hawana mwakani!"

Nikaona buti moja inakwaruza udongo taratibu.

"Mwambie neno lake ni la kweli," akasema. "Lipelekwe juu, litawafaa wengine. Ila mimi nimeshasema mbele ya watu nitasimama. Siwezi kukaa chini peke yangu."

"Anasema ni kweli, lakini hataki!" Mama Tusekile akanipigia kelele sikioni.

Uwanja mzima ukacheka tena, na safari hii hata yeye nilimsikia akicheka, kicheko kifupi kinachofanana na kikohozi chake. Nyongeza imesimamishwa. Vibarua wanabaki. Na mimi nimeshindwa kwa kura nyingi sana.

Bado naona nilikuwa na haki. Si haki mji kujibana kwa kuanzia kwenye mgongo wa mzee anayezibua mitaro, huku magari yakiwa "suala jingine". Lakini nimeishi miaka yangu yote nikisikia watu wakisifu umoja, na leo ndiyo mara ya kwanza kumwona mtu aliyeshinda akikataa sauti ya aliyeshindwa imezwe. Hajui kusoma muhtasari nitakaoupiga chapa, na sidhani kama kuna msomi pale uwanjani ambaye angefanya hivyo kwa mke wa mtoto wake.

Nilirudi nyumbani na woga hata hivyo. Mama mkwe alinipokea jikoni akiwa amekunja uso.

"We mwana, nimesikia umemwinulia mzee mkono."

"Ndiyo, mama."

"Huko kwenu Iringa ndiko mlikofundishwa?"

Akachochea moto, akageuza viazi, halafu mabega yake yakaanza kucheza, nikagundua mama wa watu anacheka. Akasema mzee amekula vizuri, na ameomba maharage ya pili.

Muda mfupi baadaye kikohozi kikasikika uani. Nikajibanza ndani ya jiko. Mume wangu alikuwa hajarudi, na mama alikuwa ametoka kuchukua kuni, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kupokea maneno na kuyafikisha. Buti zikasimama upande wa pili wa ukuta wa jiko.

"Wewe ukuta," akasema baba mkwe. Alisema kwa upole, kama anayezungumza na ng'ombe wakati wa kukamua. "Leo mwanangu amenitetea, nami nikakataa kutetewa. Asikasirike. Kama ukisikia anakasirika, mwambie nimeona mkono wake. Ndaga."

Ndaga ni asante yao. Hajawahi kuwa na njia ya kunipa neno hilo, miaka yote hii.

Mimi siruhusiwi kujibu. Niliinua mkono tena, upande wangu wa ukuta, nikauacha juu mpaka buti zilipoondoka.

Kesho nitaupiga chapa ule muhtasari: waliopinga, mmoja. Kikohozi kikisikika kwenye kona nitatoka kwa mlango wa masijala, kama desturi inavyotaka. Ila sitakimbia.