Makande Niliyokunyima

...na ndiyo maana, Baba, leo nimempa maharage mbele ya mama yake. Shikamoo. Najua nimeanzia katikati, lakini tangu uondoke sijawahi kumaliza kuongea na wewe.

Nimeolewa, Baba. Huu ni mwezi wa tatu tangu harusi. Nikiandika "mume wangu" natabasamu peke yangu kama mwehu. Na unamjua: ni Elihuruma, yule wa bodaboda aliyekushusha hospitali kutoka kwetu Mamba ulipovimba tumbo, ukamwambia, "Polepole kijana, mimi si gunia la tangawizi." Bado anaisimulia, na kila akiisimulia nampenda upya. Ulipohitaji damu kabla ya upasuaji wako alijitolea, wakampima, wakamkuta na homa ya ini kama yako. Ndivyo alivyojua. Ini lake nalo lilikuwa limeanza kusinyaa, na wiki sita baada ya harusi, zawadi nyingine hatujazifungua, wakamkata kipande chenye uvimbe kule Moshi.

Alitoka hospitali kama ulivyotoka wewe. Mapaja yamekwisha, mabega yameingia ndani, pete ya ndoa inazunguka kidoleni mpaka tumeizungushia uzi isidondoke. Mama mkwe akasema lile lile nililokwambia mimi: ini lipumzike. Uji mwepesi, basi. Maharage, mayai, nyama, vyote marufuku.

Unakumbuka? Uliniomba makande, mahindi yako na maharage. Mpare ametoka kukatwa ini, na katika vyakula vyote anaomba makande, tena ya jana yaliyopashwa moto. Nikakujibu, "Ini lako limelala, Baba, tusiliamshe." Nilijiona mjuzi. Ukasema, "Haya, daktari," ukageukia ukutani. Wiki tatu nikakunywesha uji, na mikono yako ikazidi kuwa myepesi kila nilipokuogesha.

Siku Elihuruma aliporuhusiwa, mama mmoja wa lishe alinikalisha chini. Mimi niliyesoma baiolojia mpaka kidato cha nne nilisikia habari za homoni kama mgeni. Mwili ukishakatwa, alisema, homoni za hofu hupanda, zikidai sukari. Ini zima lingeitoa kwenye akiba yake, lakini lililosinyaa halina akiba. Insulini ipo, ila misuli haiitikii. Basi mwili unaibomoa misuli yenyewe, unachukua protini yake na kuigeuza sukari. "Ini halipumziki kwa njaa, mama," akaniambia. "Ukimnyima, atajila mwenyewe."

Nilitoka nikakaa kwenye benchi nje. Elihuruma alidhani namlilia yeye.

Kwa hiyo sasa anakula kidogo kidogo, mara sita kwa siku: makande, maziwa, dagaa, yai, na bakuli la mwisho kabla ya kulala. Mama mkwe alikuwa akinitazama kama mtu anayetia sumu. "Umeolewa juzi," aliniambia, "ini la mwanangu umelijua lini?" Elihuruma akasema mtu akitaka kumlisha mpaka suti ya harusi ipasuke, aachwe. Hakuna aliyecheka isipokuwa mimi.

Jumamosi iliyopita ndipo nilipoogopa kweli. Kila asubuhi namwandikisha jina lake, maana waliniambia ini likizidiwa, sumu hupanda kichwani na mwandiko huanza kupotea. Siku hiyo aliandika Elihuma. Kisha akaniita kwa jina la dada yake. Baba, wewe siku zako za mwisho ulikuwa ukiniita Mama.

Mama mkwe akasema ni maharage, akaitoa sufuria nje. Nami, nakwambia ukweli, nilimwachia. Nilishaanza kukoroga uji. Ila nilipompigia yule mama wa lishe, hakuuliza kabisa habari za maharage. Aliuliza mgonjwa amepata choo lini.

Siku tatu zilikuwa zimepita, Baba. Dawa ya kulainisha choo, ile inayoondoa sumu tumboni, ilikuwa imeisha, nami niliona haya kumuuliza mume wangu mpya mambo ya chooni. Haya tu, Baba, nusura inipokonye mume. Nilikimbilia duka la dawa na kanga imefungwa vibaya. Nikaambiwa asipobadilika kufikia alasiri nimrudishe hospitali. Nilikaa nikiitazama saa. Alasiri aliandika jina zima, akaongeza na langu pembeni. Kile kikaratasi nimekiweka ndani ya Biblia.

Leo, maharage yalipoiva, mama mkwe alisimama pale pale jikoni. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama mwanawe amekwenda chooni. Nikajibu amekwenda. Akamsogezea bakuli.

Alhamisi tunarudi Moshi kupimwa, na sijui watatuambia nini. Wala sijui kama makande yangekuokoa wewe. Nilimuuliza yule mama wa lishe, akasema hilo hakuna anayeweza kulijua. Tangu tukuzike sijasimama kaburini kwako. Nimesingizia mvua, nimesingizia utelezi wa barabara ya Mamba, nimesingizia harusi.

Sisingizii tena. Kwaheri kwa leo, baba yangu. Majibu yawe mazuri au yawe mabaya, nitapanda Mamba na mume wangu, nisimame kaburini nikuombe radhi kwa sauti, yeye akisikia. Mwezi huu hautaisha kabla hujaniona.

Mwanao,
Nakundwa