Heche Hakutoka Shimoni

Itiryo, Tarime
9 Juni 2024

Mpendwa mwanangu Scholastica,

Shikamoo yako nimeletewa na mwalimu Bernadetha pamoja na riwaya yako. Marahaba, mwanangu. Hujambo huko Marekani? Mgongo wa mume wako Ezra umepata nafuu? Sisi tunapumua. Mvua ilikatika mapema, mahindi yamekauka kabla ya kubeba.

Kitabu tulikisoma. Bernadetha alikuwa anakuja jioni, anasoma Kiingereza kimoyomoyo halafu anatusimulia kwa Kiswahili, mimi na baba yako mdogo Nchagwa. Tukajua habari za wale wachimbaji weusi wa makaa ya mawe walioachwa chini ya mlima, hata majina yao hayakuandikwa. Mara upelelezi, mara mizimu, mara historia yenyewe. Nikasema, mtoto wa dada yangu ana kichwa.

Kisha tukafika pale mama anaposimama ukingoni mwa shimo na kuita, "Toka mwanangu, ugali unapoa." Bernadetha akainua macho, akanitazama. Maneno hayo ni yangu. Nilikuambia kwenye simu, wiki ile shimo la dhahabu lilipoporomoka na kumfukia Heche wangu. Sikukukatalia kuyatumia, kwa kuwa hukuniomba.

Hilo nimelimeza. Lililotuangusha ni ukurasa unaofuata: kijana anatoka siku ya tisa, vumbi mwili mzima, anaomba maji.

Nchagwa alitaka urudiwe. Ukarudiwa. Ndipo akauliza, "Mwili wa Heche nani aliuona?"

Nikamwambia, "Baba Heche, hiyo ni hadithi."

"Scholastica amesoma," akanijibu. "Hawezi kuandika uongo juu ya watu waliokufa."

Tangu hapo anaondoka asubuhi na dumu la maji, anakaa kwenye lile shimo mpaka jua linazama. Huu ni mwezi wa pili. Ndugu zake walimfuata, akawafukuza kwa fimbo. Mchungaji Simioni naye alishindwa. Amekonda, hasemi na mtu. Mimi nilikuwa nimeshamlilia mwanangu nikamaliza. Nimeanza upya, na sasa nawalilia wawili.

Mama yako kule Morotonga sijamwambia, presha yake unaijua.

Mimi Nchagwa haniamini. Wewe anakuamini.

Waisiko, jirani yetu, na Bernadetha wanakusalimu sana. Wasalimie Ezra na watoto. Mungu awafunike huko ugenini.

Mwandikie baba yako mdogo kwa mkono wako. Mwambie yule wa kitabuni ulimtunga, na kwamba Heche alikufa. Andika hivyo hivyo, alikufa. Usitafute neno zuri.

Mama yako mdogo, ambaye bado anakupenda,
Mokami